Uliza Nesi: “Mama mkwe anasema walimpimia mwanangu sanda”

Habari za mwezi huu, wasomaji wangu. Toleo lililopita niliandika kwa kifupi kwamba dawa ya mtoto huhesabiwa kwa kilo zake, si kwa miaka yake. Barua zilizofuata zimenionyesha kwamba maelezo yale hayakutosha, kwa hiyo safari hii ukurasa wote ni wa kilo. Naanza na barua ya mama mmoja wa Igoma kwa sababu imenigusa, na kwa sababu najua hayuko peke yake.

SWALI: Dada Nesi, pole na kazi. Nina watoto wawili, naishi Igoma hapa Mwanza. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka mitatu na nusu alishikwa na degedege usiku. Tulipanda bodaboda, mimi, yeye na mama mkwe, tukamkimbiza kituo cha afya. Pale hawakumpima kwenye mizani. Nesi mmoja alimlaza kitandani, akatandaza utepe mrefu wa rangi rangi kuanzia utosini hadi kisiginoni, akasema kwa sauti “Njano!”, na mwenzake akavuta dawa. Mama mkwe akaangua kilio. Anasema mtu hupimwa urefu namna ile akishakufa, wanampimia sanda. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini maneno nyumbani hayajaisha. Halafu dripu waliiacha iende kidogo kidogo, wakati mtoto wa kitanda cha pili chupa yake ilikuwa inakimbia. Je, mwanangu alihudumiwa vizuri? Kwa nini hawakutumia mizani kama kliniki? (Mama wa Igoma)

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa kuondoka usiku uleule bila kungoja kupambazuke. Mama mkwe mfikishie shikamoo yangu. Kilio chake nakielewa. Mtu mzima aliyekwisha kuzika wengi, akimwona mjukuu amelala macho yamegeuka juu, na mgeni anamnyoshea utepe kutoka kichwani hadi miguuni, atawaza nini kingine? Wenzangu walipaswa kumwambia huku mikono ikiendelea na kazi: “Bibi, tunatafuta kilo zake tumpe dawa.” Maneno hayo hayacheleweshi kitu. Nawasihi wauguzi wanaosoma hapa wayazoee.

Walichofanya kilikuwa sahihi, na nitakueleza kwa nini.

Dawa inayotumika sana kukata degedege hapa kwetu ni diazepamu. Ikipitishwa njia ya haja kubwa, huhesabiwa miligramu 0.5 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 13 anapata miligramu 6.5. Ampuli ina miligramu 10 ndani ya mililita 2, kwa hiyo nesi anavuta mililita 1.3 kwenye bomba la sindano. Akimkadiria kilo 8 atavuta mililita 0.8, na degedege huenda lisikate. Akimkadiria kilo 20 ataingiza ampuli nzima, na diazepamu ikizidi hupunguza pumzi ya mtoto. Hapo wote chumbani wanaacha habari ya degedege na kuanza kumpulizia hewa kwa mfuko. Sasa litazame lile bomba dogo: kutoka 0.8 hadi 2 ni umbali usiofika hata upana wa vidole viwili vyako. Ndiyo maana hatukubali mtu aseme “huyu mpe nusu” kwa kumtazama tu.

Na si diazepamu peke yake. Mtoto wa degedege hupimwa sukari, na ikiwa imeshuka anapewa maji ya sukari ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Akikutwa na malaria kali anachomwa artesuneti, na yeyote aliye chini ya kilo 20 huhesabiwa miligramu 3 kwa kilo. Damu, ikihitajika, ni kwa kilo. Paracetamol ya kushusha homa ni kwa kilo. Mtu mzima unaweza kumwandikia vidonge viwili na mambo yakaenda, lakini kwenye wodi moja ya watoto yupo wa kilo 3 na yupo wa kilo 35.

Basi kwa nini wasimweke kwenye mizani? Ile ya kliniki unayoijua, ya kuning'iniza na kaptula, inamtaka mtoto anayeweza kuning'inia. Mtoto anayetikisika viungo vyote, au aliyelegea shingo, ukimning'iniza hewa inaweza kuziba, na unamtoa kwenye oksijeni. Ile ya kusimama inataka anayesimama. Ungeweza kupanda nayo umembeba, kisha upande peke yako tukatoa hesabu, na kweli njia hiyo tunaitumia, lakini kwa mtoto aliyetulia. Usiku ule mwanao alikuwa na mambo matatu ya kufanyiwa kwa pamoja: njia ya hewa, oksijeni, na dawa ya kukata degedege. Mizani ingekuwa ya nne. Nina hakika walimpima baadaye alipotulia. Kama hawakumpima, hilo ndilo ungewauliza.

Utepe ule ulianza Marekani miaka ya 1980, na aliyeubuni ni daktari wa dharura, James Broselow. Aliona kwamba urefu wa mtoto unaeleza uzito wake vizuri kuliko umri, na urefu unapimika mtoto akiwa amelala hapohapo alipo. Jina lake ndilo jina la utepe hadi leo. Ncha nyekundu inakaa utosini, mguu unanyooshwa taratibu, unyayo unasimamishwa, na pale kisigino kinapoishia ndipo rangi inaposomwa. Kijivu ni kilo 3 hadi 5, waridi 6 na 7, nyekundu 8 na 9, zambarau 10 na 11, njano 12 hadi 14, nyeupe 15 hadi 18, bluu 19 hadi 23, rangi ya chungwa 24 hadi 29, kijani 30 hadi 36. Baada ya kijani utepe umekwisha. Ndani ya kila rangi vipimo vya dawa vimekwisha kuandikwa, pamoja na ukubwa wa mpira wa kupumulia na vifaa vingine, ili mtu ambaye mikono inamtetemeka saa nane za usiku asianze kuzidisha na kugawanya kichwani. Mwambie mama mkwe kwamba yule aliyeita “Njano!” alikuwa anamwambia mwenzake mtoto ana kilo 12 hadi 14, avute dawa ya hapo.

Utepe una upungufu wake, na nitaurudia kwenye barua ya kijana chini. Ulitengenezwa kwa vipimo vya watoto wa Marekani. Mtoto mwembamba sana kwa urefu wake unamwongezea kilo asizokuwa nazo, na mtoto mnene unampunguzia.

Kuna jambo hukulitaja kwenye barua yako, nami ndilo ningependa ubaki nalo. Je, kabla ya utepe walikuuliza mtoto ana kilo ngapi? Na kama walikuuliza, ulijibu? Mimi huuliza kila mara, na jibu ninalopata mara nyingi ni umri: “Ana miaka mitatu, dada.” Au: “Kadi nimeiacha nyumbani.” Tafiti zilizolinganisha njia hizi katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba mzazi anayejua uzito wa karibuni wa mwanawe kwa kawaida anakaribia ukweli kuliko kanuni za umri, na kuliko daktari anayekadiria kwa macho. Wewe uliyempeleka kliniki ndiye mwenye jibu letu la haraka. Kariri zile kilo kama unavyokariri namba ya simu ya baba yake. Ziandike ndani ya simu pamoja na tarehe. Ukiingia mlangoni sema, “Ana miaka mitatu na nusu, alikuwa na kilo 13 mwezi wa nne, degedege limeanza tukiwa njiani,” na utaona watu watakavyokusikiliza.

Sasa dripu. Najua huku kwetu mgonjwa asiyeona chupa inaning'inia anahisi hakutibiwa. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na hapa Tanzania kwa watoto 3,141 waliofika hospitali na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Wengine walipewa maji mengi ya haraka, wengine walipewa maji ya kawaida ya taratibu. Waliokimbizwa maji, kati ya kila watoto 100, kama 10 au 11 walifariki ndani ya saa 48. Wasiokimbizwa walifariki kama 7. Matokeo hayo yalitushtua wote tuliosomeshwa kwamba maji ni uhai. Tangu hapo mtoto wa homa na degedege hatumfungulii chupa, tunamhesabia kwa kilo na kwa saa. Yule wa kitanda cha pili huenda alikuwa ameharisha hadi macho yameingia ndani. Mtoto aliyekaukiwa maji kiasi hicho ana hesabu yake: mililita 100 kwa kila kilo, sehemu ya kwanza ikienda haraka. Wawili wamelala kitanda jirani, mmoja maji ya haraka yanamwokoa, mwingine yanaweza kumuua. Hakuna aliyependelewa.

SWALI: Nesi, nakusalimu. Mimi ni mvuvi wa dagaa, niko kambini katika kisiwa kimojawapo upande wa Ukerewe pamoja na familia. Zahanati tunayo ila mizani ya watoto imeharibika siku nyingi, na kuvuka kwenda Nansio ni nauli na siku nzima. Hapa mwaloni mizani ya samaki iko. Naweza kumpimia mwanangu wa miezi kumi na minne? Wenzangu wananicheka. (Baba wa kambini)

JIBU: Kaka, wasikuyumbishe. Baba anayeuliza kilo za mwanawe nampa heshima yake.

Mizani ya kuning'iniza ya samaki inafanya kazi ileile ya mizani ya kliniki. Cha kwanza ni kujua kama ni ya kweli, maana wewe unajua kuliko mimi kwamba mwaloni kuna mizani na mizani. Tafuta yenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Hata ikiwa nayo, ijaribu mwenyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chukua dumu la lita 10, ulipime tupu, ulijaze maji hadi alama ya lita 10, ulipime tena. Tofauti iwe kilo 10. Ikisoma 9 au 11, hiyo mizani iache kwa samaki.

Ikiwa nzuri, osha ndoano na mikono kwa sabuni, na hakikisha haina kutu wala haijapinda. Tandika mkeka chini. Chukua kitenge kizima kisichochakaa, kifunge kama mbeleko, ukitundike kitupu, usome kinavuta kiasi gani. Kisha mtie mtoto bila nguo, asiinuliwe zaidi ya usawa wa goti, na mama yake aweke mikono chini yake bila kumgusa. Subiri mshale utulie, soma, toa uzito wa kitenge. Mizani yenye mistari ya gramu 100 inafaa. Yenye mistari ya nusu kilo itakudanganya kwa mtoto wa umri huo, kwa sababu nusu kilo kwake ni nyingi. Fanya hivyo akiwa mzima, asubuhi kabla jua halijawa kali, kila mwezi. Andika kilo na tarehe kwenye kadi yake ya kliniki, mstari wa pembeni, na umweleze mhudumu wa zahanati kwamba ulipima mwenyewe ili ajue zimetoka wapi.

Ila tuelewane. Siku akiugua ghafla usianze kutafuta mizani wala dumu. Ingia mtumbwini na kadi mkononi. Akishikwa na degedege majini, mlaze ubavu, toa matapishi mdomoni ili hewa ipite, usimtie kijiko wala kidole kati ya meno, na usimnyweshe kitu mpaka azinduke.

Na mizani ya zahanati iliyoharibika msiinyamazie. Mjumbe wenu kwenye kamati ya afya aipeleke kikaoni, iandikwe kwenye muhtasari, halafu mwezi unaofuata muulize imefikia wapi. Zahanati inayotibu watoto bila mizani inatibu kwa kubahatisha, na kisiwani ambako rufaa ni saa kadhaa za maji, kubahatisha huko kunaumiza zaidi kuliko mjini.

SWALI: Shikamoo dada. Nasomea utabibu, niko mafunzo kwa vitendo hapa jijini. Darasani tumefundishwa kanuni ya umri kujumlisha 4, halafu mara 2. Wiki iliyopita aliletwa mtoto wa siko seli wa miaka 6, maumivu makali, nikapiga hesabu nikapata kilo 20. Alipopimwa alikuwa na kilo 14 na ushee. Je, kanuni ni mbovu? Nitumie ipi? (Mwanafunzi wa utabibu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefurahi kwamba uliipata tofauti ile kabla ya dawa kuingia.

Kanuni si mbovu, inatumiwa pasipo pake. Zipo kadhaa. Uliyofundishwa ni ya zamani, ya watoto wa mwaka 1 hadi 10. Baadaye waalimu wa dharura za watoto waliigawa katika sehemu tatu: walio chini ya mwaka mmoja, nusu ya idadi ya miezi kujumlisha 4, wa mwaka 1 hadi 5, umri mara 2 kujumlisha 8, wa miaka 6 hadi 12, umri mara 3 kujumlisha 7. Jaribu hiyo ya mwisho kwa mtoto wako: 6 mara 3 ni 18, jumlisha 7 ni 25. Umeona? Ya zamani ilimwongezea karibu kilo 6, mpya inamwongezea karibu 11. Iliongezwa kwa sababu watoto wa nchi tajiri wamenenepa. Kwa mtoto wa Kanda ya Ziwa mwenye siko seli imezidisha kosa.

Kanuni ya umri inadhani watoto wote wa miaka sita wamefanana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano hapa Tanzania wamedumaa. Wamedumaa maana yake urefu wao umebaki nyuma ya umri wao, na kilo zimebaki nyuma pia. Jumlisha siko seli, ambayo huku kwetu ni nyingi na hudumaza mtoto, jumlisha malaria ya kujirudia na minyoo. Ukikaa mapokezi asubuhi moja utaona watoto wawili wa miaka minne, mmoja ana kilo 16, mwingine ana 10. Ukiwapa wote diazepamu ya kanuni, miligramu 8, yule wa kilo 10 ambaye alistahili 5 umemzidishia zaidi ya nusu.

Ninavyofundisha wanaopita mikononi mwangu ni hivi. Kama mtoto anaweza kupimwa, mpime, njia nyingine zote usizijadili. Kama hawezi, muulize mama, na swali liwe “Mara ya mwisho kliniki alikuwa na kilo ngapi, na ilikuwa lini?” Usiulize “Ana kilo ngapi?” tu, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa atataja namba yoyote. Kadi ikiwepo, itazame tarehe: kilo za miezi minane iliyopita kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu si kilo zake za leo. Mama akikosa jibu, chukua utepe wa urefu. Kanuni ya umri iwe ya mwisho, pale ambapo huna utepe wala mama. Kukadiria kwa macho usikufanye kabisa. Nimefanya kazi na madaktari hodari sana, na macho yao huwakosesha kama ya mtu mwingine yeyote.

Kuhusu utepe, upungufu wa ule wa Broselow niliogusia juu umewasumbua watu wa Afrika Kusini mpaka wakatengeneza wa kwao unaoitwa PAWPER. Unapima urefu kwanza, halafu unautazama mwili: mwembamba sana, mwembamba, wa kawaida, mnene, mnene sana, na kila daraja lina kilo zake pale pale kwenye utepe. Ni hatua ya sekunde chache, na kwa watoto wetu inaleta tofauti kubwa. Kama kituo chako kina utepe wa zamani tu, bado unaweza kujisaidia: mtoto akionekana amekonda, wengi wetu hushuka rangi moja kwa dawa, kisha tunampima mara tu akitulia. Ila vifaa, kama mpira wa kupumulia, vinafuata urefu, kwa hiyo hapo usishushe rangi.

Ipo pia njia ya mkono, iliyotokea Kansas City Marekani ikachapishwa mwaka 2012, inaitwa Mercy. Unapima urefu wa mkono wa juu kutoka begani hadi kwenye kiwiko, unapima mzunguko wake katikati, kila kipimo kina kilo zake, unajumlisha. Imejaribiwa hata Mali na India. Uzuri wake ni kwamba mtoto aliyevunjika paja, ambaye huwezi kumnyoosha, mkono wake unapimika. Kwa watoto wa shule ya msingi kuna nyepesi zaidi: mzunguko wa mkono kwa sentimita, toa 10, mara 3. Mkono wa sentimita 17 unakupa kilo 21. Kwa wadogo usiitumie.

Mzunguko huo wa mkono una kazi nyingine unayoijua kwenye lishe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Ukimkuta huyo kwenye dharura, simama kidogo, kwa sababu kwake hata mizani yenyewe inaweza kukupotosha. Mwenye kwashakoo amevimba, zile kilo nyingine ni maji. Na mtoto wa kipindupindu ni kinyume chake: aliyekaukiwa vibaya amepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kwa hiyo kilo za kwenye kadi ni za alivyokuwa, za mizani ni za alivyo. Andika zote mbili kwenye faili.

Mwisho kwako: bandika ukutani karatasi ya dawa za dharura zilizokwisha kuhesabiwa, kilo 3, 5, 8, 10, 13, 16, 20, 25, 30, kwa mililita za ampuli mnazotumia nyie hapo. Mkiletewa ampuli za nguvu tofauti, karatasi ibadilishwe siku hiyohiyo.

SWALI: Mjukuu wangu nesi, hujambo? Nalea wajukuu wanne hapa Magu, wazazi wao wako mjini. Wakiugua malaria napewa dawa mseto ya mmoja, wengine wakiumwa baadaye nawagawia zilizobaki, mdogo nusu, mkubwa kimoja. Ya homa ya maji nawapa kijiko kijiko. Nafanya vibaya? (Bibi wa Magu)

JIBU: Shikamoo bibi, sijambo. Unabeba mzigo mkubwa, Mungu akupe nguvu. Hilo la kugawia uliache, bibi. Mseto una kipimo cha kilo: mtoto wa kilo 5 hadi asiyefika 15 anameza kidonge 1 kila mara, wa 15 hadi asiyefika 25 vidonge 2, wa 25 hadi asiyefika 35 vidonge 3, wa 35 na kuendelea 4. Na ni mara mbili kwa siku kwa siku 3, zote zimalizike. Ukiwa na “zilizobaki”, maana yake yule wa kwanza hakumaliza, na wa pili anapata pungufu, na malaria ya wote wawili itarudi. Kila mmoja apimwe damu kwanza, apate za kwake.

Ya homa, paracetamol ya maji nyingi zinazouzwa hapa ni miligramu 120 kwa mililita 5, nawe usome chupa au msomeshe mjukuu. Mtoto wa kilo 8 ni mililita 5, wa kilo 12 ni mililita 7 na nusu, zikipita saa sita ndipo unarudia. Vijiko vya nyumbani vinatofautiana sana. Tumia kile kikombe kidogo au bomba lililokuja na chupa, na kama lilipotea, omba duka la dawa wakupe bomba la sindano lisilo na sindano.

Wale wakubwa waliokwisha kutoka kliniki ya watoto chini ya miaka mitano ndio wanaonitia wasiwasi, kwa sababu hakuna anayewapima tena. Wapitishe zahanati kila shule zikifungwa, wapande mizani wote wanne, uandike kilo zao nyuma ya madaftari yao.

SWALI: Mwanangu ana miezi miwili, kilo zinapanda na kushuka kila nikienda kliniki. Huwa namvalisha vizuri maana kuna upepo wa ziwa. Je, ni mgonjwa? (Mama mzazi, Kirumba)

JIBU: Kabla ya kumwita mgonjwa, mama, niambie mtoto hupimwa akiwa amevaa nini. Nepi iliyolowa, sweta, kofia na soksi zinaweza kufika gramu 400, na kwa mtoto wa kilo 4 hiyo ni moja ya kumi ya uzito wake. Mwezi mmoja amepimwa nazo, mwezi mwingine bila, ndipo mstari unapanda na kushuka. Mvue vyote pamoja na nepi kila mara, na nesi aweke mshale kwenye sifuri kabla hajamtia. Akipimwa hivyo mara mbili mfululizo na bado anapungua, au akinyonya kwa shida, usingoje tarehe ya kliniki, mlete wiki hiyohiyo.